Mguu wa Mbele

Haki ya Mungu, hili ni la kweli tupu, hata Lorne mwenyewe hawezi kulikana.

Kwa miezi mitatu ya ndoa yao ya uzeeni alimtambia mkewe kwamba ujanani aliuteremka mlima Hatchet akisimama juu ya ubao wa kutelezea kwenye theluji, dubu akimkimbiza. Clover, mlima wa jirani, alisema ni wa wanaojifunza. Basi walipopanga kwenda kuteleza pamoja, mkewe akachagua Hatchet.

Sasa walikuwa kwenye duka la kukodisha mbao, na Lorne alikuwa akiutupia macho mlango wa kutokea.

"Mzee, ukisimama ubaoni unatanguliza mguu gani, wa kushoto au wa kulia?" aliuliza muuzaji, bisibisi mkononi, tayari kukaza vishikizo vya viatu.

Lorne aliitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine.

"Yote miwili."

Bisibisi ilisimama hewani.

"Wewe mwanamume!" Mkewe alicheka hadi akashika meza. "Hujawahi kuukanyaga ubao! Na mimi wiki nzima silali kwa kuiogopa hiyo Hatchet yako. Twende zetu Clover. Na mbao zote utabeba wewe, mwongo mkubwa!"

Lorne alishusha pumzi ndefu, akazikumbatia mbao mbili na kutoka nazo, akipiga mluzi.