Shikamoo, Mzee Masafa

Ng'ombe alikuwa ameshafungwa kamba ya kwenda mnadani. Agustino akashika fimbo, akaanza kutoka naye. Simu ikalia mfukoni.

Akasimama hapo hapo kwenye matope, akasoma.

"Mama Glory! Mzee Masafa kajibu!"

Letisia, mke wake, akatoka jikoni na simu yake mkononi. Siku hizi alikuwa anaangalia sana mapishi, ingawa chakula kilikuwa kile kile.

"Anasemaje huyo mzee wako?"

Agustino alikuwa na leseni ya redio ya upepo, ile ya kuzungumza na watu hewani, wiki ya tatu sasa. Ameitia kwenye fremu, ameitundika ukutani pembeni ya picha ya ubatizo wa Glory. Redio yenyewe ndiyo hana. Anataka ile kubwa ya mezani, ya kuongea mpaka Japani. Bei yake ni ng'ombe, na ng'ombe wa maziwa pale nyumbani ni huyo mmoja.

"Na wajukuu wakitaka uji wa maziwa, waufuate Japani?" Letisia alimuuliza jana yake.

Agustino akaenda zake kumkatia ng'ombe majani. Mtu aliyefunika sufuria ya maharage kwa kitabu cha mtihani wa leseni ya redio utabishana naye nini? Kitabu kilijaa unga mpaka ukurasa wa mwisho. Hata siku ya mtihani, Letisia alimsindikiza mpaka Arusha, halafu akasema yeye anakwenda zake kumsalimia dada yake Lucia.

Mzee Masafa ndiye mtu wa kuongea naye. Walikutana Telegram, kwenye kundi la watu wa redio, ambako namba ya mtu haionekani. Yeye alijiandika Masafa tu. Hiyo "Mzee" aliiongeza Agustino, kwa sababu siku ya kwanza alimwandikia "Shikamoo" na jibu likaja "Marahaba" bila kusitasita. Tangu hapo ni shikamoo kila asubuhi.

Sasa akamsomea Letisia kwa sauti:

"Redio ya kwanza, chukua ya mkononi. Hiyo kubwa inataka betri, sola, antena ndefu na mtu aliyezoea. Kama unafuga, usiguse ng'ombe. Na mtu asiyeongea na walio karibu, hao Wajapani atawaambia nini?"

Akashusha simu. "Umesikia hekima hiyo?"

"Si nilikuambia hivyo hivyo jana?"

"Wewe ulisema. Huyu ameeleza."

Akamfungua ng'ombe kamba.

Ikabaki kazi ya kuchagua ya mkononi ipi. Ziko nyingi na zote zinafanana. Mzee Masafa akamwongoza: chukua yenye betri ya akiba, antena yake iwe ya kufungua, na ile inayowaka taa za rangi achana nayo, hiyo ni ya disko.

"Mama Glory, zile hela zako za vitunguu saumu bado zipo? Niongezee kidogo."

"Nilinunua kitu cha jikoni."

Basi akauza madebe mawili ya maharage, akampigia Benedict, muuza redio wa Arusha, amtumie moja kijijini Bashay.

"Bashay tena?" Benedict akashangaa. "Wiki iliyopita nimetuma nyingine kama hiyo huko huko kwenu."

"Kwa nani?"

"Mteja kaomba nisimtaje."

Agustino hakulala vizuri. Nani mwingine huku wa kununua redio kama hiyo? Mzee Masafa yuko Bashay! Pengine wanasali pamoja!

Jumapili baada ya misa akamfuata Mzee Akonaay, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Ile marahaba! Agustino akasogea, akanong'ona, "Na antena, mzee, nzima?"

Mzee Akonaay akamvuta pembeni. "Wewe umejuaje?"

"Nimejua tu, mzee."

"Twende nyumbani."

Walikwenda. Antena ilikuwa ya televisheni, imeangushwa na upepo. Agustino akashinda juu ya bati mpaka jioni, huku mzee akiwa chini anapiga kelele, "Rudisha! Ilikuwa inaonyesha hapo!"

Aliporudi na magoti yamechubuka, Letisia alicheka mpaka akakaa chini.

"Cheka tu," Agustino akasema. "Nikimpata Mzee Masafa nampelekea asali debe zima. Yule mtu amenitoa ujinga."

"Mpelekee," Letisia akasema, anajifuta machozi. "Anapenda asali."

"Nani kakuambia?"

"Wazee wote wanapenda."

Redio ikafika Jumanne na basi. Wakapanga na Mzee Masafa: saa saba kamili mchana, yeye ndiye atakuwa mtu wa kwanza kuongea na Agustino hewani. Agustino akaoga. Akavaa koti la harusi za watu.

"Mama Glory, usigonge vyombo. Naongea na mkubwa."

"Sawa, Baba Glory," Letisia akasema, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Agustino akasimama uani, redio mdomoni. Kama mzee asingemsikia, aibu yake angeipeleka wapi? Akabonyeza. Akataja herufi za leseni yake moja moja, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani.

"Shikamoo, Mzee Masafa. Unanipata? Ova."

Redio ikakoroma kidogo. Halafu sauti ikaja, safi kabisa, haina hata mkwaruzo.

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono uje ule. Ova."

Maneno yalitoka kwenye redio. Yalitoka pia kwenye dirisha la jikoni.