Baiskeli Zipite Kwanza

Jumamosi ya mbio za baiskeli ndiyo siku wakubwa waliniacha bila mke. Washindani walitoka Busia, wakazunguka ziwani, wakarudi kupitia mashamba yetu ya Namboboto. Mke wangu Nabwire nilikuwa nimembeba kwa keria ya baiskeli yangu kumpeleka hospitali, amejifungua na damu imekataa kusimama.

"Simama hapo, mzee. Barabara imefungwa," askari akasema.

"Afande, huyu anaisha."

"Wacha wageni wapite."

Wakapita wakitoa jasho. Ambulensi ikawafuata nyuma polepole, kitanda kitupu. Nikaipungia mkono. Dereva naye akanipungia, akitabasamu.

Vidole vya Nabwire vilikuwa vimeshika mshipi wangu. Nilivisikia vikiachilia kimoja kimoja.

"Baba watoto," akauliza, "kwani hao wa baiskeli wanaumwa nini?"