Taa ya Mlangoni

Tangu hospitali, zahanati na maduka ya dawa ya nchi nzima yaunganishwe na nyumba zetu kwa mtandao mmoja, kila mlango una taa yake. Ikiwa ya kijani, wenyeji ni wazima. Ikigeuka njano, ndani kuna mgonjwa, na jina lake utalijua dawa ikifika.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanshamba, haipendi taa hiyo hata kidogo.

"Mtu huulizwa hujambo," husema. "Hata akiwa hoi hujibu sijambo, ndipo aeleze kinachomsumbua. Hiyo taa yenu inaanzia mwisho!"

Leo asubuhi alikuja kutoka Pangani na kikapu cha maboga. Mume wangu, Hemedi, alikuwa anakanda unga wa chapati, mimi nafagia. Mama akasimama kizingitini.

"Hodi! Hamjambo, wanangu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini Hemedi aliinua macho kwanza kuitazama taa, nami nikayafuata. Ilikuwa njano.

Ndani tulikuwa wawili tu, na sote tulijiona wazima.

"Nimewauliza," Mama akasema, sasa taratibu. "Hamjambo?"

Kila mmoja wetu akamngoja mwenzake ajibu, huku pikipiki ya dawa ikisikika inakata kona.