Paa la Landrova

Fundi Kasiano aliegemeza mapaa mawili ya faiba ukutani. "Hili refu, hili fupi. Lile turubai lako limeoza, mzee Luhanga. Chagua."

Luhanga alitoa mfukoni kamba ya katani yenye fundo kila upande, akampa ncha moja. Kasiano aliitambua. Ulikuwa urefu wa jeneza. Miaka kumi na tisa sasa, kila aliyefia mjini na kwao ni mlimani alipandishwa na Landrova ile, kwa kuwa hakuna gari jingine lililoiweza barabara ya huko. Na Luhanga hakuwahi kumkatalia mfiwa.

Walipima paa refu. Kamba ilienea.

"Basi ni hili," fundi alisema.

"Tupime na lile."

Kwenye paa fupi, fundo lilipita ukingo kwa shubiri nzima.

"Halitoshi, mzee."

"Nifungie hilohilo."

Kasiano alimkodolea macho. "Watu utawaambia nini?"

"Wataona wenyewe kwamba haliingii." Luhanga alijitupa juu ya tairi bovu. "Nimechoka kuwasikia wakilia mgongoni mwangu, Kasiano. Nimechoka."

Alasiri boliti zilikuwa zimekazwa. Luhanga alilizunguka gari mara mbili, kisha akasimama nyuma.

"Kioo hiki kinafunguka?"

"Kinafunguka."

Alikiinua chote, akainyoosha kamba sakafuni kuanzia mbele. Shubiri moja ilichomoza nje, ikaning'inia na fundo lake. Fundi alikuwa ameshakusanya spana zake. Luhanga bado alikuwa amekishikilia kioo juu.