Mti wa Kumi na Saba

Kwenye ramani ya kompyuta, kilima kizima kilikuwa chekundu: miaka hamsini ijayo, mialoni yote ingekuwa imekauka. Ilibaki nukta moja tu ya kijani, mti wa kumi na saba. Huo ulinenepa hata miaka ya ukame, na mtafiti aliuwekea matumaini yake yote.

"Huu una siri gani, baba?" alimuuliza mzee wake, mlinzi wa msitu mstaafu, aliyekuwa akimpimia mashina kwa miaka sita.

Mzee alikohoa, akaficha mkono wa kulia chini ya meza. Binti aliuvuta taratibu. Vidoleni mlikuwa na sugu nne zilizopangana, pale mshikio wa ndoo unapokaa.

"Nilikwambia miti yote iachiwe mvua tu."

"Mingine niliiachia." Mzee aliinamisha kichwa. "Lakini huo, utotoni mwako kila nikitoka zamu nilikukuta umelala chini yake. Ningeutazama tu ukifa?"

Mtafiti aliufuta mti ule kwenye hesabu. Kilima chote kikawa chekundu, na miaka sita ikawa imekwenda na maji.

Akavua viatu vyake vya ofisini.

"Ndoo ya pili iko wapi?"