Mama Aliyempeleka Dubai

Chaki ilibaki kipande cha ukubwa wa ukucha, na Sewmini aliishika mbele ya ubao kama mtu anayeota. Nje ya darasa la Kichina, mvua ya alasiri ilikuwa imelifuta ziwa la mji wa Kandy.

"Dada, umelala macho wazi?" mwanafunzi mwenzake akamtania. Darasa likacheka.

Alikuwa ameandika kwa Kisinhala sentensi ya kutafsiri: Mama alinipeleka Dubai. Katika lugha yao silabi moja hupenyezwa ndani ya neno "kwenda", nalo likawa "kupeleka". Ndivyo alivyoisimulia safari ile, na mateso aliyoyakuta huko, na kwa miaka sita hakumpigia mama yake simu.

"Sisi Wachina hatukigusi kitenzi," alisema mwalimu, mwanamke mpole wa makamo. "Tunatanguliza neno rang kabla yake."

Sewmini akaandika Kichina chake polepole: Mama, rang, mimi, kwenda Dubai.

"Vizuri. Sasa, alikulazimisha au alikuruhusu?"

"Si ulisema rang ni kulazimisha, Mwalimu?"

"Ni yote mawili, binti yangu. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Chaki ikapondeka vidoleni, unga wake ukashuka taratibu kama ukungu. Akajiona ana miaka kumi na tisa, amepiga magoti jikoni, akilia aachwe aende. Na mama akihangaika kuivua bangili yake ya mwisho, aiuze apate nauli ya bintiye; ikagoma kwenye kifundo cha mkono, mpaka akaipaka sabuni.

Akatoka barazani bila kuaga. Akapiga simu; iliita mara nne.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mama," alisema. "Mimi niliyekuomba niende."