Vilivyokuwamo Siku ya Tuzo

Miaka minne Mwanamize na majirani zake walichoma chokaa na kupiga lipu, mpaka nyumba yake ya mawe pale Pangani ikapata tuzo ya uhifadhi wa nyumba za kale. Kama nyumba zote za tuzo, ikaletewa mtunzaji: mashine yenye mikono laini, kazi yake kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa siku ile ya tuzo. Ufa ukitokea, huuziba. Kikombe kikihama, hukirudisha.

Kisha Mwanamize akajifungua. Kila akigeuka, kitanda cha mtoto kimeshatolewa nje barazani. Mara ya tano akapiga simu ofisi ya tuzo, hasira zimempanda.

"Siku ya tuzo hakikuwamo, dada," akajibiwa.

"Kwani sisi tulikuwamo?"

"Wewe na mumeo mmeandikwa. Cha ziada kiombee kibali, kinatoka baada ya miezi mitatu tu."

"Miezi mitatu! Basi nitamlaza kitandani kwangu."

Akamlaza, akaenda jikoni kuepua uji. Aliporudi, shuka haikuwa na hata mkunjo. Akatoka mbio. Mtoto alikuwa barazani, amefunikwa vizuri, amelala.

Akamnyanyua, akageuka kuingia. Mtunzaji alikuwa amesimama mlangoni, amempisha yeye njia, mikono yake laini ameinyoosha kumpokea mtoto.